Kukausha gari kwa upepo: maji yafukuze, usiyasubiri yakauke

Gari yangu ni Toyota IST nyeusi. Mwenye gari nyeupe au ya silva anaweza akamaliza miaka kumi hajui naongelea nini hapa, ila wa nyeusi ananielewa. Unaosha Jumamosi asubuhi, unafuta mpaka unajiona uso kwenye boneti, unaingia ndani kunywa chai, ukitoka unakuta mchirizi umeshuka kutoka kwenye saiti mira mpaka katikati ya mlango, mwingine umetokea chini ya kitasa, mwingine kwenye taa ya nyuma, na jua limeshaupiga umebaki mstari mweupe kama mtoto aliyelia akalala bila kunawa uso. Unafuta huo, unageuka, umetoka mwingine. Nilikuwa nafikiri matambara yangu ndo mabaya, nikanunua taulo la maikrofaiba la bei, tatizo likabaki palepale, kwasababu taulo halifiki yalikojificha yale maji.

Upepo unafika. Siku ya kwanza jirani yangu kuniona napuliza gari na blowa, ile mashine ya kupuliza hewa, aliniuliza kama nawasha jiko la mkaa, siku hizi anakuja kuiazima.

Kwanza tuelewane tunafanya nini

Watu wengi wakisikia kukausha kwa upepo akili inaenda kwenye draya ya saluni, yaani hewa ya moto ikaushe maji. Hapana. Maji yakikauka yenyewe juu ya rangi, yanaondoka maji tu, kilichokuwa ndani yake kinabaki pale: kalsiamu, magnesiamu, chumvi. Ndo yale madoa meupe ya duara. Huku Dar na pwani yote wengi tunaoshea maji ya kisima, na visima vingi vya pwani vina chumvi, we angalia tu birika unalochemshia maji hayo baada ya miezi michache, lile gamba jeupe lililojishika chini. Gamba hilohilo unalipandikiza kwenye rangi ya gari kila wikiendi, jembamba jembamba.

Kwahiyo blowa hapa haikaushi, inafukuza. Tone linatakiwa litoke kwenye gari likiwa bado ni tone, lianguke chini na chumvi yake. Ukilishika hilo, mengine yote humu yanajieleza yenyewe, kwanini kivulini, kwanini uanze juu, kwanini hewa ya moto sio muhimu. Na hata ukipiga hesabu ya umeme inakataa, tuseme juu ya gari imebaki nusu lita ya maji, kuigeuza yote iwe mvuke kunataka kama theluthi ya uniti hata kama hakuna joto linalopotea njiani, draya ya wati 1200 ingekaa zaidi ya robo saa hiyo ni kwenye karatasi tu, kwenye uhalisia joto kubwa linaishia hewani. Kuisukuma nusu lita hiyohiyo kwa hewa ya kawaida ni dakika chache.

Faida ya pili ni kwamba hewa haigusi rangi. Juu ya rangi kuna klia, yaani lile tabaka angavu la mwisho, na klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 mpaka 50 hivi, wakati unywele wako mmoja ni kama mikroni 70. Yaani kinachong'aa kwenye gari yako ni chembamba kuliko unywele. Sasa kila ukipitisha tambara ambalo limeokota mchanga hata chembe mbili unaikwaruza hiyo klia, na ile mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui unayoiona usiku chini ya taa za sheli, sehemu kubwa imetokana na kuosha na kufuta tu, hakuna mbaya wako aliyekuja na msumari.

Kifaa gani utumie

Mi natumia kiblowa kidogo cha umeme cha wati 600, vile ambavyo mafundi kompyuta wanapulizia vumbi na mafundi seremala wanapulizia unga wa mbao. Kariakoo na kwenye mahadwea vimejaa, vingi vinakuja na mfuko wa kukusanyia vumbi, huo mfuko weka pembeni haukuhusu. Dakika 15 za wati 600 ni uniti 0.15, LUKU wala haishtuki. Ubaya wake ni kwamba hewa yake ni ya wastani, kwenye sehemu bapa kama boneti kinahangaika kidogo, ila kwenye mianya ni kitamu kwasababu mdomo wake ni mwembamba.

Blowa ya majani ndo mfalme wa sehemu bapa. Inatoa hewa nyingi kwa mpigo, paa la gari inalisafisha kwa mipigo minne mitano. Kama ni ya betri piga hesabu kabla: betri ya volti 18 yenye 4Ah ina wati-saa 72, blowa ikila wati 300 ni kama robo saa inazima, kwahiyo usipoteze betri kuchezea matone ya kwenye tairi. Za petroli sizipendi kwa kazi hii, kelele nyingi, na moshi wake wa mafuta na oili unaupuliza hapohapo kwenye gari uliyotoka kuisafisha.

Kompresa, hii ya kujazia upepo, inafaa kwenye vitundu na kwenye injini, ila ina masharti yake, na sharti la kwanza nililijua kwa kuumia. Nilikuwa na gari nyeupe ya shemeji, nimeiosha vizuri, nikaomba kwa fundi pancha mmoja jirani anipulizie mianya ya taa. Kubonyeza tu, mpira ukatema supu ya kahawia, maji ya kutu yaliyochanganyika na oili, pwaa kwenye boneti na bampa. Kumbe tenki lake halijatolewa maji siku nyingi. Hewa ikibanwa inaacha maji ndani ya tenki, ndo maana chini ya kila kompresa kuna kikoki cha kutolea maji, ukikuta hakifunguliwi kila siku ujue kilichopo humo ndani. Kwahiyo fungua kikoki kwanza, halafu pulizia kwenye karatasi nyeupe sekunde kadhaa uone inatema nini, ikiwa safi ndo uelekeze kwenye gari.

Sharti la pili ni presha. Kompresa ndogo nyingi zinajaza mpaka bari 8, hiyo ni kama PSI 116, kwa kazi ya matone ni kubwa mno. Shusha kwenye regileta, ile koki ya kupunguzia presha, mpaka bari 2 au 3. Gari iliyorudiwa rangi, presha kubwa ikipata mahali rangi ilipoanza kubanduka inainyanyua kama ganda la kitunguu. Na sharti la tatu sitaki utani nalo kabisa: usimpulizie mtu. Vijana kwenye sehemu za kuoshea magari wanapuliziana wakicheza, ile hewa inaweza kupasua ngoma ya sikio, kuharibu jicho, kuingia mwilini kupitia kidonda, na ule mchezo wa kumpulizia mwenzako matakoni umeshaua watu kweli.

Vakyum klina yenye tundu la kutolea hewa nayo inafaa kama ndo uliyonayo, ila itoe mfuko uikung'ute na uiwashe ikiwa imeelekea mbali na gari kwanza, maana itatema vumbi la miaka. Wenzetu Marekani wana mashine maalum kabisa za kazi hii, kampuni ya Metro Vac inatengeneza za magari na pia za kukaushia mbwa, kazi ni ileile kufukuza maji kwenye manyoya au kwenye bati. Zina chujio mlangoni pa hewa na hiyo ndo tofauti ya maana, chujio, kwasababu blowa ya kawaida inavuta chochote kilichopo nyuma yake na kukirusha mbele. Ukiiweka chini mchangani huku inawaka umejitengenezea msasa.

Kabla hujawasha chochote

Kaa kivulini. Kama huna kivuli osha kabla ya saa tatu asubuhi au jioni jua likishalegea. Gusa boneti kwa mgongo wa mkono, ukisikia moto usianze hata kuosha, maana maji yatakauka kabla hujazima mpira. Kama unaoshea kwenye udongo au mchanga mwagia maji pale chini kuzunguka gari yote, blowa ikielekea chini inanyanyua vumbi na linakuja kukaa kwenye rangi iliyolowa, unaanza upya.

Halafu suuza ya mwisho, na hapa ndo nataka ukae kidogo maana nusu ya kukausha inafanyika hapa. Wengi wanamalizia na presha, presha inavunja maji yanakuwa matone elfu moja madogo. Wewe toa nozo kwenye mpira, acha maji yatoke taratibu kwa mdomo mpana, weka mdomo karibu kabisa na paa na uyaache yatambae yenyewe. Utaona maji yanashuka kama shuka, yanavutana, yakipita nyuma yake panabaki karibu pakavu. Fanya paa, kioo, boneti, ubavu, kila sehemu juu kwenda chini bila haraka. Ukifanya vizuri utakuta yaliyobaki ni kidogo mpaka unajiuliza blowa ya nini.

Kama maji yenu ni ya chumvi, weka pembeni dumu moja la lita 20 la maji laini kwa ajili ya suuza hii tu, ya DAWASA au bora zaidi ya mvua kama una simtanki linalokinga kwenye bati. Maji ya mvua karibu hayana chokaa, hata tone likikusahaulika likakauka haliachi la maana. Oshea ya kisima, malizia na ya mvua, mwagia kwa kopo taratibu.

Kuna na hili la waksi. Gari yenye waksi maji yanasimama vidonge vidonge, ukipuliza yanakimbia kama goroli mezani. Gari ambayo haijapigwa kitu mwaka mzima maji yanalala bapa yameing'ang'ania rangi, utapuliza mpaka mkono uume. Ukiona hivyo tatizo sio blowa yako.

Baada ya suuza itikise gari. Fungua na kufunga kila mlango mara moja, buti pia, fungua kifuniko cha mafuta, kunja saiti mira na uzikunjue. Kama una nafasi, isogeze mbele mita chache ushike breki ghafla kidogo, maji ya paani yote yanamwagikia kwenye kioo cha mbele na boneti, hayo ndo yangekuja kukumwagikia baada ya kumaliza. Inaonekana kichekesho ila ifanye.

Umeme. Uwanja umelowa, mikono imelowa, unashika kifaa cha volti 230. Vaa ndala au mabuti ya mpira, jifute mikono, waya upitishe begani usiburuze majini, na kile kichwa cha ekstensheni mnachounganishia kiweke juu ya kiti au ndoo iliyogeuzwa, sio chini. Nyumba kama ina ile swichi kwenye boksi la umeme inayojikata yenyewe umeme ukivuja, vizuri sana, ijaribu kile kitufe chake kama bado inafanya kazi. Kama waya wa blowa umefungwa selotepu mahali, leo tumia taulo tu ndugu yangu.

Haya, washa

Simama upepo wa asili ukiwa mgongoni kwako, la sivyo yote yatakurudia usoni. Anza na paa. Mdomo wa blowa uwe sentimita 10 mpaka 20 kutoka kwenye bati, usiuelekeze wima, ulaze, hewa ipite ikisugua juu ya rangi kama unafagia. Chagua upande mmoja wa kuyatolea maji na uende nao mpaka mwisho. Kosa la wote tukianza ni kukimbiza tone moja moja, hili linakimbilia kulia unalifuata, lile kushoto unalifuata, mwisho umeyazungusha tu maji paani. Fanya mistari kama unalima, kila mstari uingie kidogo kwenye uliopita, mbele yako kunajikusanya kama wimbi dogo, lisukume mpaka ukingoni lidondoke.

Usisahau mifereji ya paa, ile mistari miwili yenye raba, na kama una keria miguu yake. Hapo maji yanalala kimya, unashuka bondeni kwa breki yanakuja yote kwenye kioo.

Kutoka paani nenda kioo cha mbele, cha nyuma, kisha boneti. Nyanyua waipa. Lile eneo la plastiki zinapokaa waipa lina maji mengi kuliko unavyodhani, lipulize kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye boneti tembea na mwanya unaozunguka boneti nzima, maji yatachomoka kama vile yalikuwa yanasubiri.

Sasa mimi hapa naenda kwenye rimu kabla ya ubavu, wengine wanamalizia nazo. Sababu yangu ni kwamba kwenye rimu kuna maji machafu yenye unga wa breki, ukiyapuliza yanaruka mpaka kwenye madigadi na milango ya chini. Bora yaruke wakati hizo sehemu bado mbichi utazipitia. Puliza vishimo vya nati kimoja kimoja, kila kimoja kina kijiko cha maji, na nyuma ya mikono ya rimu.

Ubavuni ndo penye kazi yenyewe, usiwe na haraka. Ile saiti mira inayotutoa machozi wote: maji hayako kwenye kioo chake, yako ndani ya ganda, nyuma ya kioo. Weka mdomo wa blowa kwenye ule mwanya kati ya kioo na ganda, upande wa juu, puliza sekunde tano. Utaona maji yanatoka chini kwa kishindo, halafu yanakata, unadhani yameisha. Hayajaisha. Kunja mira, puliza tena upande wa bawaba, kunjua, puliza tena. Mara ya tatu inatoka kama mate tu, hapo unaweza kuiamini. Chini ya mira pale inaposhikana na mlango nako kuna mwanya, upitie.

Kitasa: puliza kwenye ile bakuli ya nyuma ya mkono na kwenye tundu la ufunguo, kutokea juu. Zile plastiki za kuzuia mvua juu ya vioo vya milango, nyingi za magari yetu zimebandikwa na gundi, chini yake kuna mfereji mzima wa maji na tope la siku nyingi, mara ya kwanza itatoka rangi ya chai ya maziwa usishangae. Ukitumia kompresa pale punguza, ukiipiga kwa nguvu kutokea chini inabanduka. Kile kiraba kinachobana kioo cha mlango, kipitie chote kuelekea nyuma. Kifuniko cha mafuta kifungue upulize ndani, hapo pana kitundu cha kutolea maji na kikiziba panakuwa kidimbwi. Mfuniko wenyewe wa tenki acha umefungwa lakini.

Nyuma: taa ya breki ya juu, nembo, mpini wa buti, plate namba. Plate namba peke yake inaweza kutoa mchirizi asubuhi nzima, maji yanakaa kati yake na bampa. Mbele ni shoo, ile nyavu ya mbele ya gari, na taa, na kwenye shoo usijitese, vyumba ni vingi na havionekani vikikauka vyenyewe, piga mara mbili tatu upite.

Kisha fungua milango yote. Usielekeze hewa kuingia ndani ya gari, utalowesha siti na vitufe vya vioo, elekeza kutoka ndani kwenda nje, ukifuata raba. Chini ya kila mlango kuna vitundu vya kutolea maji, vitatu au vinne vidogo, viangalie kama havijazibwa na tope, choma na njiti ya kiberiti kama vimezibwa. Mlango unaobaki na maji tumboni unaoza kuanzia ndani, na ukikaa karibu na bahari wala hausubiri muda mrefu, siku unaona kitone cha kutu kwa nje ujue kwa ndani pameshaliwa. Buti nalo nyanyua zulia uangalie shimo la spea tairi.

Taulo bado linahitajika

Usitafute ukavu wa asilimia mia kwa blowa, utakaa hapo mpaka adhuhuri. Ukishamaliza mianya itabaki kama ukungu na vitone vidogo kwenye sehemu bapa, hivyo chukua taulo safi la maikrofaiba, lilaze wazi juu ya paa, shika ncha mbili livute taratibu bila kukandamiza. Taulo la rangi na taulo la milango ndani na rimu yasikutane hata kwenye ndoo ya kufulia. Lililoanguka chini limestaafu, lipeleke kwenye rimu.

Kama umeosha injini

Binafsi siipendi presha ndani ya injini, ila najua mtaosha. Injini iwe imezimwa na imepoa. Gari nyingi ndogo za Toyota tulizonazo, IST, Vitz ya 1300 na 1500, Premio ya 1500, zina injini ambazo koili, zile zinazopeleka moto kwenye plagi, zinakaa moja kwa moja juu ya plagi, nne zimepangwa mstari juu. Kila koili iko kwenye kisima chake, maji yakiingia humo yanakaa, ukiwasha injini inakosa, inatetemeka kama ina homa, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Watu wanaishia kubadilisha koili nzima kumbe ni maji. Toa kava la plastiki, puliza kuzunguka kila koili kabla hujaichomoa, maana ukichomoa kwanza uchafu na maji vyote vinaingia chini kwenye plagi. Ukishachomoa, puliza kisima, kausha koili yenyewe na kitambaa, rudisha. Puliza soketi za waya, juu ya betri, alteneta kwa mbali. Rejeta usiipige na kompresa kwa karibu, vile vibati vyake vinalala na hewa haipiti tena. Na hewa usiielekeze kwenye mdomo wa boksi la ea klina, unapeleka maji ndani mwenyewe.

Bodaboda nazo utaratibu ni huohuo, kofia ya plagi, chini ya siti, swichi za mkononi. Cheni ukishaipuliza maji itie oili hapohapo, isilale hivyo. Kwenye bearing za matairi hewa ya kompresa usipeleke, inasukuma maji na mchanga kupita sili.

Doa likishakaa

Doa la chumvi ambalo bado bichi, la siku chache, linatoka na siki nyeupe uliyochanganya na maji safi nusu kwa nusu. Gari iwe baridi na iko kivulini, lowesha kitambaa, kiweke juu ya doa dakika moja mbili, futa bila kusugua, suuza kwa maji mengi, puliza. Usiiache siki ikaukie pale na usiipeleke kwenye rimu za aluminiamu zisizo na rangi. Likikataa mara mbili limeshaila klia, hiyo sasa ni kazi ya polishi, na polishi inapunguza ile klia nyembamba kuliko unywele tuliyoongea mwanzo, kwahiyo sio kitu cha kufanya kila mwezi.

Mwisho toka na gari, zungusha mtaa mmoja au miwili, shika breki taratibu mara kadhaa. Diski zikilowa zikilala hivyo zinavaa kutu ya rangi ya chungwa usiku mmoja, sio hatari, inasuguliwa breki za kwanza, ila kama gari itasimama wiki nzima bora uzikaushe leo. Ukirudi, kabla ya kwenda kwenye chai, pitia saiti mira mara moja tena. Ya kwangu ya kulia huwa inabakiza.